Baba ana kitambi, dada kabeba mtoto

Jana mchana nimeletewa daftari kwa hasira. Mama mmoja hapahapa Ngamiani, Tanga, mwanawe ninaye chekechea tangu Januari, kasimama mlangoni kwa darasa ananifunulia kurasa mojamoja, "mwalimu ona mwenyewe, mwezi wa tatu huu daftari jeupe pee, mwenzie wa nyumba ya pili kashamaliza madaftari mawili". Mi nikamwambia karibu ndani mama, ila moyoni nacheka maana hayo madaftari mawili nayajua yanavyojazwa, nimeyajaza kwa mkono wangu miaka minne.

Ngoja niwaambie ukweli wa kazi yetu. Pale nilipokuwa zamani watoto wakishaondoka tunakaa na rundo la madaftari, kila daftari unamwandikia mtoto herufi a za nukta nukta mistari kumi, kesho yake anapitisha penseli juu ya nukta, na asiyeweza unamshika mkono unaandika wewe vidole vyake vimelegea kama mlenda, unapiga vema kubwa nyekundu, mzazi akifungua nyumbani roho kwatu. Sasa siku moja nikampa mtoto chaki nikamwambia haya niandikie a hapo sakafuni. Akainama, akaanza kupiga nukta. Nukta, nukta, nukta, mpaka kazungusha a nzima ya nukta halafu akanyanyua kichwa akaniangalia anasubiri vema. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto wa watu miezi sita darasani anajua a ni kitu cha nukta!

Toka hapo nikaachana na penseli kwa miezi ya mwanzo. Nina masinia ya bati, mchanga wa ufukweni Sahare nimeuchekecha, basi. Mtoto anaandika kwa kidole, akikosea anatikisa sinia, kosa halipo tena, hamna raba ya kutoboa karatasi, hamna kulia. Na mikono tunaikomaza kwa kazi za kawaida tu, kuchambua choroko, kukamua ndimu, kufinyanga unga, kuanika vitambaa kwa vibanio, maana penseli inashikwa na vidole vitatu na vile vidole vikiwa havina nguvu mtoto anaikamata kwa ngumi kama mchi wa kinu. Wazazi wengine wanasema mwalimu yule anawapikisha watoto wetu. Sawa.

Halafu kuna hili la kuanza na a. Kwa sauti mi sina ugomvi, a e i o u tunaimba kila asubuhi kama kila mtu. Ila mkono una ratiba yake. Mtoto kwa kawaida anaweza mstari wa kusimama kwanza, duara kwenye miaka mitatu hivi, msalaba kwenye minne, mraba baadae, pembetatu ndo ya mwisho mwisho. Sasa a ni duara halafu kijiti kilichogandana nalo, we unamwanzishia hapo! Mi naanza na l, i, t, vijiti vitupu, halafu o, halafu c, mkono ukishazoea kuzunguka kwa kwenda kushoto hapo a na d na g zinakuja zenyewe, na z na k na v zenye mishazari naziacha mwisho kabisa wala sina presha. Ile KKK ya mwaka 2015, mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ilikuwa ya darasa la kwanza na la pili jamani, mtoto wa miaka minne mwacheni.

Na kama nyumbani mnamwimbisha ei bi si di sikatazi, ila mjue mnachonifanyia. Nikisema andika i, aliyefundishwa Kiingereza ananiandikia e, kwa sababu kwao e inaitwa i, na i inaitwa ai, na a inaitwa ei. Mtoto hajakosea, kasikia vizuri kabisa. Tena kuna wanaoniuliza q na x ziko wapi, nawaambia Kiswahili hakizitumii, wanaona nimewadhulumu.

Lakini kiboko ya yote ni b na d. Hapo nina mbinu yangu nilikuwa najivunia, b ni baba ana kitambi mbele, d ni dada kabeba mtoto mgongoni kwa khanga. Watoto wanaipenda, wanatembea darasani wametoa matumbo. Nikaona kitoto kimoja kila siku kinanigeuzia, baba anakuwa dada, dada anakuwa baba. Nikamuuliza kitambi cha baba kiko wapi? Akasema mbele. Mbona umekiweka huku? Akanijibu, "baba si anakwenda huku?", akaonesha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Nikanyamaza. Mtoto kila jioni yuko chuoni, madrasa, anaandika alifu, be, te, kwa maalimu maandishi yanatembea toka kulia, kwa hiyo baba kageuka na kitambi chake kimegeuka nae. Alikuwa sahihi kuliko mimi!

Msije mkasema madrasa inawaharibu, hata wasiokwenda chuoni wanageuza. Kikombe ukikigeuza mkono wake ukaangalia kushoto si kikombe bado? Basi mtoto miaka yote minne anajua hivo, herufi ndo kitu cha kwanza kumwambia hapana, ukigeuza ni kingine. Wengi wanaacha wenyewe wakifika kama miaka saba. Kwangu sasa tunasema Kiswahili kinaanzia mlangoni, Kurani inaanzia dirishani, kwa sababu darasa letu mlango uko kushoto, na kila sinia lina kimlango nimechora kwa rangi pembeni.

Basi yule mama nikamkalisha kwenye kile kibenchi kifupi, magoti yakamfika kidevuni, nikamwita mwanawe nikamwambia mwandikie mama neno. Kijana akatafuta mlango wake, kidole mchangani, taratibu, ulimi nje. Mama akainama akasoma kwa sauti: "ba... da. Bada! Kaandika bada mwanangu, ugali wa muhogo!" akacheka mpaka mtandio ukadondoka, mtoto kanuna anasema si bada, ni baba.

Mama akajifuta machozi akaniuliza, sasa mwalimu baba'ke yuko baharini mpaka ijumaa, huu mchanga nitampelekeaje auone?

Nikamwambia piga picha. Ile anahangaika kutafuta simu kwenye pochi, mtoto kashatikisa sinia anaandika upya.