Siku moja maishani mwangu: nafuga nondo Kasarani

Nikiwaambia majirani kwamba nafuga nondo, wengine hudhani nauza vyuma vya ujenzi. Nafuga wadudu kwa ajili ya utafiti, wale wanaotoboa sukuma wiki yenu.

Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye matatu kutoka Githurai. Saa kumi na mbili na nusu natoa kinyesi cha viwavi, nabadilisha majani, nahesabu pupa, yaani viwavi waliojifunga ili wageuke nondo. Kabichi tunapanda wenyewe. Mwaka jana nililisha vizimba vitatu majani ya sokoni, na kufikia jioni viwavi wote walikuwa chini, wamekufa. Majani yalikuwa yamepigwa dawa.

Saa nne akaja mzee mmoja kutoka Limuru na gunia la kabichi, amekasirika.

"Msichana wangu, napiga dawa mara mbili kwa wiki na hawafi. Nipe kali zaidi."

Nilifungua jani moja mbele yake. Lilijaa vidirisha, kiwavi amekula nyama ya jani akaacha ngozi nyembamba kama nailoni. Nikamgusa kwa brashi. Akarudi kinyumenyume kwa fujo, akajitupa, akabaki akining'inia kwa uzi. Huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi. Jamaa zake wa Ulaya, nondo weupe wenye madoa meusi, husuka utando ukafunika mti mzima. Huyu wetu hasuki hivyo, lakini kwenye joto huzaliana kila baada ya wiki tatu hivi, na wanaobaki baada ya dawa ndio wanaozaa. Kule Java, Indonesia, alianza kuishinda dawa ya DDT tangu miaka ya 1950.

Mzee hakutaka Java. Alitaka chupa.

Nikaendelea kupekua kabichi zake, jani kwa jani, mpaka nikapata nilichokitafuta. Pupa wa nondo hulala ndani ya wavu mwepesi unaoonyesha ndani. Ndani ya wavu huu kulikuwa na kifuko kingine, kigumu, cha kahawia, mfano wa pipa dogo. Ni cha nyigu Diadegma, aliyeletwa kutoka Taiwan na kuachiliwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, katika nyanda za juu za Kenya mwaka 2002. Hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi kutoka ndani.

"Huyu anakufanyia kazi, mzee. Dawa yako inamuua yeye kwanza."

Akaomba lenzi, akatazama. Akanyamaza. Kisha: "Nikiacha dawa na kabichi ziishe, karo nitalipa na nini?"

Swali hilo lilinichosha kuliko kazi yote. Nilimweleza kuhusu dawa ya bakteria ya Bt, inayoua viwavi na kumwacha nyigu, na nikamsihi aanze na pembe moja ya shamba. Alipoondoka ilikuwa karibu saa nane na sikuwa nimekula.

Mchana ukaenda kwa kuosha vizimba. Stima zikapotea, zikarudi. Giza lilipoingia nikaning'iniza vipande vya foili vilivyopakwa maji ya kabichi. Harufu ile kali inayowafukuza wadudu wengine ndiyo humwita nondo wangu aje kutaga.

Kifuko cha mzee nimekitia kwenye chupa, nikaandika tarehe na "Limuru". Nyigu akitoka, nitampigia simu.