Excel isome stoo yenyewe: kuweka draiva ya ODBC kwenye kompyuta ya mhasibu

Kama kuna swali moja ningependa kila fundi mwenzangu aulize kabla hajapakua draiva yoyote ya hifadhidata, ni hili: Excel iliyomo kwenye mashine hiyo ni ya biti ngapi, 32 au 64? Sijasema Windows. Nimesema Excel. Nimeitwa mara nyingi kumalizia kazi zilizokwama, na nyingi kati yake zilikwamia hapo hapo.

Nina mteja hapa Tanga, duka la jumla la vifaa vya ujenzi: nondo, mabati, saruji, rangi, misumari ya kupimwa kwa kilo. Stoo yao inaendeshwa na programu waliyotengenezewa, na data yote imo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ndani ya kompyuta yenye Ubuntu iliyosukumwa chini ya meza ya keshia pembeni ya UPS. Programu hiyo ina ripoti zake, lakini mhasibu hazitaki. Anataka Excel, na simlaumu, maana mwisho wa mwezi mkaguzi naye ataomba Excel.

Njia yao ilikuwa kutoa faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, na kulifungua kwa Excel. Hapo ndipo hesabu zilipokuwa zinaharibika. Msimbo wa bidhaa 00417 ukiingia Excel kupitia CSV unakuwa 417, kwa sababu Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni namba, na namba haina sifuri mbele. Tarehe ndiyo balaa zaidi. Sisi tunaandika siku kwanza. Mashine nyingi zinazouzwa mjini zinakuja na mipangilio ya Kimarekani, mwezi kwanza. Basi 03/04 inageuka kuwa Machi 4 bila kelele, wakati 25/04 haiwezi kusomeka hivyo, inabaki maandishi. Safu wima moja ina tarehe zilizogeuka na maandishi yanayojifanya tarehe, halafu mtu anapanga kwa mwezi na kushangaa mauzo ya Aprili yamekwenda wapi.

"Fundi," mhasibu aliniambia, "mimi nataka nibonyeze mahali pamoja salio lije. Haya ya kukimbizana na mafaili nimechoka."

"Dada, hilo lipo," nikamjibu, "na lipo tangu wengine hatujaanza shule."

Nilikuwa nazungumzia ODBC (Open Database Connectivity), njia ya pamoja ya programu kusoma hifadhidata yoyote. Ilitolewa na Microsoft mwaka 1992, kutokana na kazi ya kundi la makampuni lililoitwa SQL Access Group. Utaratibu wake haujabadilika sana. Excel haijui PostgreSQL inavyozungumza, wala haijui MySQL. Inachojua ni kumwita msimamizi wa draiva aliyemo ndani ya Windows. Msimamizi huyo anaangalia jina ulilompa, yaani DSN, anasoma limefungwa na draiva gani, anaipakia draiva hiyo, na draiva ndiyo inayokwenda kugonga kwenye seva. Kila hifadhidata ina draiva yake, na ya PostgreSQL inaitwa psqlODBC. Ni ya bure, inapakuliwa kwenye tovuti ya PostgreSQL yenyewe, na haili bando la kutisha.

Sasa nirudi kwenye biti. Draiva ni faili la DLL linaloingizwa ndani ya programu iliyoliita. Programu ya biti 32 haiwezi kuingiza DLL ya biti 64, wala kinyume chake. Ni parafujo ya inchi kwenye nati ya milimita, uzungushe mpaka jioni. Ndiyo maana draiva hufuata Excel na si Windows. Windows ya biti 64 inaendesha Excel ya biti 32 bila taabu yoyote, kwa hiyo huwezi kujua kwa kutazama tu. Fungua Excel, nenda File, kisha Account, kisha About Excel. Mwisho wa mstari wa juu pameandikwa. Office ya biti 64 ilianza na toleo la 2010, lakini kwa miaka mingi ukisakinisha bila kuchagua ulikuwa unapewa ya biti 32. Kuanzia toleo la 2019 ndipo ya 64 ikawa ndiyo inayokuja yenyewe. Kwa mashine yenye Office 2013 au 2016, mimi huanza kwa kutegemea 32 kisha nahakikisha. Ya mhasibu ilikuwa 2016, biti 32, juu ya Windows 10 ya biti 64. Hivyo nilichukua kifurushi chenye x86 kwenye jina lake, si x64. Kama una wasiwasi weka zote mbili, hazigombani.

Kusakinisha kwenyewe hakuna hadithi. Unafungua zip, unabofya faili la msi, unakubali masharti, kwisha.

Hadithi inaanza unapotafuta mahali pa kuisanidi. Windows ina madirisha mawili ya kusimamia ODBC, na faili la kila dirisha linaitwa odbcad32.exe, yote mawili. Lililomo kwenye folda ya System32 ni la biti 64. Lililomo kwenye SysWOW64 ni la biti 32. Hujasoma vibaya: 32 ni 64 na 64 ni 32. Sababu yake ni kwamba programu nyingi za zamani zilikuwa zimeandikwa zikilitafuta neno System32, hivyo Windows ilipohamia biti 64 jina la folda liliachwa palepale, na vya zamani vikahamishiwa kwenye folda mpya. Kwenye Windows 10 huna haja ya kuingia huko. Andika ODBC kwenye menyu ya Start, utaona mistari miwili, mmoja una 32-bit na mwingine 64-bit. Kwenye Windows 7, ambayo bado naikuta kwenye maduka, Control Panel inakupa dirisha moja tu, la 64, na hapo mtu anaweza kuapa kwamba draiva aliyoiweka imepotea. Haijapotea, iko kwenye dirisha lingine.

Ndani ya dirisha kuna User DSN, ya mtumiaji mmoja, na System DSN, ya mashine nzima. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. System DSN za biti 32 na za biti 64 zimetengwa kabisa, kila moja inaonekana kwenye dirisha lake. User DSN hazijatengwa. Zinakaa pamoja na zinaonekana kwenye madirisha yote mawili, hata kama draiva yake ni ya upande mmoja tu. Tofauti hii ndiyo inayoeleza makosa mawili yanayojirudia. Ukipata IM002, ile inayosema "Data source name not found and no default driver specified", mara nyingi jina umekosea herufi au System DSN umeitengenezea upande usio wa Excel. Ukipata IM014 yenye maneno "architecture mismatch", maana yake jina limeonekana, ila draiva iliyofungwa nalo ni ya biti nyingine. Ya kwanza haikuona kitu, ya pili imeona kitu kisichomfaa. Kwa mashine ya ofisi mimi hutumia System DSN, ili hata akiingia mtu mwingine kwa akaunti yake aikute.

Basi: dirisha la 32, System DSN, Add, halafu uchague kati ya "PostgreSQL ANSI" na "PostgreSQL Unicode". Chagua Unicode, usijiulize mara mbili. Za biti 64 zimeandikwa (x64) mwishoni mwa jina, kwa hiyo ukiziona hizo ujue uko dirisha lisilo lako. Fomu itakuja na jina PostgreSQL35W. Lifute, andika linaloeleweka. Nimeliita STOO. Database ni jina la hifadhidata, Server ni anwani ya ile kompyuta ya chini ya meza, Port ni 5432. SSL Mode, ya kusimba mawasiliano, iliyokuwa disable nimeiweka require, kwa sababu PostgreSQL inayosakinishwa na Ubuntu huja na SSL ikiwa imewashwa tayari, na sioni kwa nini nenosiri na mauzo ya watu yapite wazi kwenye waya.

Kuhusu hiyo anwani: kama seva inapewa anwani na ruta kila inapowaka, siku umeme ukikatika na UPS ikaishiwa inaweza kuamka na anwani nyingine, na DSN yako ikawa inagonga kwenye simu ya mtu. Ifunge anwani hiyo kwenye ruta kabla ya kuendelea. Hapa Tanga hilo si la kuahirisha.

Nenosiri niliandika, nikabofya Test, likaja "Connection successful". Kisha nikalifuta nenosiri kabla ya kubofya Save. Ukiliacha, linakwenda kukaa kwenye sajili ya Windows, na anayejua pa kutazama atalikuta. Excel italiomba yenyewe baadaye na kulihifadhi kwenye akaunti ya mtumiaji, nje ya faili la Excel, hata faili likitumwa kwa WhatsApp nenosiri haliendi nalo.

Lakini Test haiwezi kufaulu kama seva haijakubali wageni. PostgreSQL ikisakinishwa husikiliza localhost tu, yaani mashine yake yenyewe. Kwenye postgresql.conf unabadilisha listen_addresses, kisha unaiwasha upya huduma nzima. Kwenye pg_hba.conf unaongeza mstari wa kumruhusu mtumiaji huyu, kwa hifadhidata hii, kutoka mtandao wa ofisi pekee:

host stoo msomaji 192.168.1.0/24 scram-sha-256

Huo unatosha kusomwa upya bila kuzima kitu. Mtu aliyeandika 0.0.0.0/0 na trust hapo, yaani kutoka popote bila nenosiri, ili "iwahi kufanya kazi" namwomba aondoe leo. Fayawoli ya Ubuntu nayo kama imewashwa lazima iruhusu 5432 kutoka mtandao huo huo. Na kama draiva uliitoa kwenye flashi ya zamani, ukaona seva inalalamika kuhusu SCRAM, ile njia ya kuhakiki nenosiri iliyo mwishoni mwa mstari ule, usiishushe seva hadi md5, ambayo ni njia ya zamani. SCRAM ilikuja na PostgreSQL 10 mwaka 2017, na tangu toleo la 14 ndiyo inayotumika kuficha nenosiri bila kuambiwa. Draiva za kabla ya mwaka 2017 haziijui. Pakua mpya.

Yule msomaji si mtumiaji wa programu ya stoo. Usimpe mhasibu akaunti inayomiliki majedwali, hata kama ni mwaminifu kuliko wewe, kwa sababu ODBC haijui kwamba Excel ni ya kusomea. Draiva hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, inafuta safu kwa kitufe cha Delete. Kwenye fomu ya psqlODBC kuna kisanduku cha Read Only, ukiweka tiki ni vizuri, ila kinalindwa na kompyuta ya mtumiaji, na anayeweza kukitia tiki anaweza kukitoa. Ulinzi wa kweli uko kwenye seva. Nilitengeneza mwonekano (view) mmoja, v_salio, unaotoa msimbo, jina la bidhaa, kipimo, salio na tarehe ya mwisho kutoka, nikampa msomaji haki ya SELECT kwenye huo tu. Majedwali yaliyo nyuma yake hayahitaji kupewa ruhusa, kwa sababu mwonekano unasoma kwa haki za mwenye nao. Bei za kununulia, ambazo mzee mwenye duka hapendi zionekane na kila mtu, hazimo.

Kwa upande wa Excel ni haraka: Data, New Query (matoleo ya baadaye yanaiita Get Data), From Other Sources, From ODBC, chagua STOO. Ikiomba utambulisho, chagua upande wa Database, si Windows, weka jina na nenosiri. Jedwali likaja. 00417 ikaja ikiwa 00417, kwa sababu kwenye hifadhidata ni maandishi na draiva imesema ni maandishi. Tarehe zikaja zikiwa tarehe, bila Excel kukisia siku ipi na mwezi upi. Mhasibu alizitazama zile sifuri akasema, "Haya sasa," akaanza kutafuta bati za geji 28.

Kuna mpangilio mmoja zaidi niliougusa. Mashine yake ina RAM ya GB 4, na alitaka pia historia ya miamala. Kwa kawaida psqlODBC huvuta matokeo yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo. Ukibofya Datasource kwenye fomu ile ile ya DSN na kutia tiki Use Declare/Fetch, inavuta kidogo kidogo, safu 100 kila mara usipobadilisha Cache Size. Niliiongeza ikawa 1000.

Jambo la mwisho kabla sijaondoka huwa ni kuhifadhi usanidi wenyewe, kwa sababu kompyuta za duka la saruji hazizeeki, zinajaa vumbi na kufa. Kwenye regedit, System DSN ya biti 32 iko HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\WOW6432Node\ODBC\ODBC.INI, ya biti 64 iko njia hiyo hiyo bila WOW6432Node. Toa kwenye faili la .reg ufunguo wenye jina la DSN yako, na uchukue pia mstari wake ulio ndani ya "ODBC Data Sources". Ukibeba wa kwanza pekee, kwenye mashine mpya dirisha la ODBC halitaionyesha DSN hiyo hata kama kila kitu kingine kipo sawa. Draiva isakinishwe kwanza, na usisahau kuangalia Excel ya mashine hiyo mpya, maana ikiwa ni ya 64 faili hilo halitakusaidia mpaka urekebishe njia ya draiva na kuondoa WOW6432Node.