Bastola Nyepesi na Mkono Unaoumia

Watu wengi wanaoingia katika duka la silaha hapa Marekani kwa mara ya kwanza huamini kwamba bastola ndogo ni ya mtu mdogo, na kwamba bastola kubwa ya chuma inamfaa mtu mwenye kifua na misuli. Katika muda wote ambao nimekuwa nikilenga shabaha na kuwasaidia watu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku kujifunza, sijaona imani iliyowaumiza wanaoanza, kwa maana halisi ya kuumiza, kuliko hiyo. Bastola zinazotesa mkono zaidi mara nyingi si zile zinazotisha nyuma ya kioo cha duka, bali ni zile nyepesi zinazoingia mfukoni bila kuonekana.

Mfano ulio wazi ni revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya kampuni ya Smith & Wesson, iitwayo 340PD. Fremu yake ni ya alumini iliyochanganywa na skandiamu, silinda yake ni ya titani, nayo ikiwa tupu ina uzito wa gramu 330 hivi, pungufu ya chupa ya soda ya nusu lita. Katika silinda hiyo huingia risasi tano za .357 Magnum (nambari kama hizi ni takriban upana wa risasi kwa inchi), aina yenye nguvu iliyotolewa mwaka 1935 kwa ajili ya revolva nzito za chuma zenye fremu kubwa. Ukiipiga risasi hiyo kwa Model 686, revolva ya chuma ya kampuni hiyohiyo, ambayo ina uzito wa kilo 1.1 hivi, utapata msukumo mkubwa lakini unaovumilika. Ukiipiga kwa 340PD, maumivu huanzia kwenye kitako cha kiganja, hupanda hadi kifundo cha mkono, na vidole hubaki na ganzi kabla hujamaliza risasi zilizomo.

Sababu yake haina fumbo. Risasi na gesi ya baruti zinapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma kwa nguvu ya mwendo iliyo sawa na hiyo, na nguvu hiyo haijali kama fremu ni nzito au nyepesi. Kinachobadilika ni kasi ambayo bastola hurudi nayo mkononi. Ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu, kasi hiyo huongezeka maradufu, na nishati inayoingia mkononi nayo huongezeka maradufu. Kati ya 686 na 340PD tofauti ni zaidi ya mara mbili, hata ukikumbuka kwamba mtutu mfupi huipunguzia risasi mwendo. Zaidi ya hapo, bastola nyepesi hufika kwa haraka mno kiasi kwamba misuli haipati nafasi ya kulegea na kuupokea msukumo. Kwa hiyo chuma kizito husukuma, lakini titani hupiga.

Nguvu hiyo haiuumizi mkono tu. Revolva nyepesi inaporuka nyuma ghafla, vichwa vya risasi zinazosubiri zamu vinaweza kulegea katika maganda yake na kusogea mbele, hata kimoja kikachomoza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Hilo ni jambo zito sana kwa silaha ambayo mtu ameinunua kwa ajili ya kuokoa maisha yake. Mtutu wa 340PD wenyewe umeandikwa onyo jingine, la kuilinda silinda ya titani isilike, kwamba kichwa cha risasi kisipungue greni 120, yaani gramu 7.8 hivi.

Uzito, hata hivyo, ni nusu ya habari. Dada mmoja wa Kitanzania alikuja kwenye uwanja wa shabaha na revolva ndogo ya alumini ya .38, aliyouziwa kwa maelezo kwamba ni rahisi na inawafaa wanawake. Mpini wake ulikuwa wa mbao nyembamba, ukiacha chuma cha nyuma wazi, na chini ya triga palikuwa na pengo ambalo kidole cha kati hakikuweza kulijaza. Kila alipofyatua, kinga ya triga ilirudi na kugonga kiungo cha kidole hicho mahali palepale. Nilipomwomba anionyeshe mkono, ngozi ilikuwa imechubuka na kiungo kimevimba, na karatasi ya shabaha ilionyesha matundu yote chini, upande wa kushoto. «Kaka, nimeshailipia,» aliniambia, «lakini nikiishika tu mwili unakataa.»

Mwili wake ulikuwa sahihi. Niliweka ganda tupu kati ya risasi nzima bila yeye kujua liko tundu gani, na nyundo ilipolipiga ganda hilo, mtutu ulizama chini kana kwamba risasi imetoka. Hiyo ndiyo hali ya kugutuka kabla ya mlio, ambayo maumivu humfundisha mtu haraka kuliko mwalimu yeyote, na ambayo huchukua muda mrefu sana kuiondoa. Tulianza upya na bastola ya .22, risasi ndogo yenye msukumo mdogo, yenye fremu ya chuma. Baadaye nilimpa CZ 75 ya milimita 9, ambayo Wakenya wanaifahamu kutoka kwenye habari za polisi kwa jina la Ceska. Ina uzito wa takriban kilo moja, na mpini wake unajaa kiganjani. Alishangaa kwamba bastola kubwa kiasi kile ilikuwa pole, na matundu yakaanza kukusanyika katikati.

Zipo pia bastola zinazouma kwa sababu ya ufundi wake. Walther PPK, ya mwaka 1931, inasifiwa kwa umbo zuri, lakini slaidi yake, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, haifungwi na mtutu wakati wa kufyatua. Huzuiwa na uzito wake na springi pekee, hivyo msukumo huja mkali kuliko risasi yake ndogo inavyostahili. Mwenye mkono mnene akiishika juu sana, slaidi humkata ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyundo ya Browning Hi-Power ina tabia ya kuing'ata ngozi hiyohiyo. M1911, bastola ya jeshi la Marekani, nayo ililalamikiwa hivyo, na katika toleo la A1 la mwaka 1926 waliurefusha ulimi wa juu ya mpini ili uukinge mkono.

Anayedhani haya ni malalamiko ya watu dhaifu ayatazame yaliyowapata FBI. Baada ya mapambano ya risasi na majambazi huko Miami tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maofisa wao wawili waliuawa, walitafuta risasi yenye nguvu zaidi na kuichagua ile ya milimita 10. Iliyojaa baruti kamili ilionekana kuwa kali mno kwa maofisa wengi, ikapunguzwa, na kutokana na upunguzaji huo ikazaliwa risasi ya .40 S&W mwaka 1990. Katikati ya miaka ya 2010 walirudi kwenye milimita 9, na miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba maofisa wengi huipiga kwa haraka na usahihi zaidi.

Kuhusu majitu kama Smith & Wesson 500 ya mwaka 2003, yenye uzito wa karibu kilo mbili, sina mengi ya kusema. Inauma, lakini kila anayeishika anajua anachokitafuta. Ninaihofia zaidi 329PD, revolva ya .44 Magnum yenye gramu 710 hivi, inayobebwa na watu wanaotembea katika nchi ya dubu. Naielewa haja yao, lakini siwezi kumshauri mtu afanye nayo mazoezi ya kila wiki.

Aliyekwisha kununua revolva nyepesi asikate tamaa. Ile ya .357 hupokea pia .38 Special, na zile zenye kichwa bapa cha greni 148, zilizotengenezwa kwa ajili ya shabaha, ni laini sana. Mpini wa mpira unaofunika chuma cha nyuma na kujaza pengo chini ya triga husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mlio nao ni sehemu ya maumivu, kwa kuwa bastola nyingi hupita desibeli 150. Ndani ya jengo mimi huvaa vizibo masikioni na vikinga juu yake. Ganzi ikianza kwenye vidole, weka bastola chini kwa siku hiyo, kwani hiyo ni mishipa ya fahamu inayolalamika.

Ambaye bado hajanunua ana nafasi nzuri zaidi. Viwanja vingi vya hapa hukodisha bastola kwa gharama ndogo. Kodisha ileile unayoitaka, piga boksi zima la risasi 50, kisha linganisha matundu matano ya mwisho na matano ya mwanzo kabla ya kutoa pesa yako.