Miezi ya Kusi, Miezi ya Nyangumi

Shangazi yangu wa Chumbageni, mjini Tanga, huniuliza kila mwaka, kwa upole lakini bila kukosa, kama hii ninayoifanya ni kazi au ni matembezi. Simlaumu. Kuanzia Julai hadi mwishoni mwa Oktoba huwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, napanda gari kuelekea Kigombe nikiwa na darubini, dira na daftari, kisha naketi kwenye ukingo wa mwamba wa matumbawe nikiitazama bahari kwa saa nyingi. Kusi inapokwisha, mkataba nao unakwisha, nami narudi mjini kutafuta vibarua vingine hadi Julai ijayo.

Tunaowangojea ni nyangumi wenye nundu. Hula katika bahari baridi za Antaktika, ambako chakula chao kikuu ni krili, viumbe wadogo wanaofanana na uduvi, halafu husafiri maelfu ya kilomita hadi kwenye maji yetu ya joto ili kuzaa na kupandana. Mimba yao huchukua takriban miezi 11, kwa hiyo jike aliyeshika mimba kusi hii anaweza kuwa hapa hapa kusi ijayo akiwa na mtoto ubavuni. Wakiwa huku ni kama hawali kitu, na mama humnyonyesha mtoto kwa akiba ya mafuta aliyokuja nayo mwilini.

Watu hudhani kwamba ugumu wa kazi hii ni kumwona nyangumi. Ugumu wenyewe ni mwanga na upepo. Pwani ya Tanga inaelekea mashariki. Asubuhi, bahari inapokuwa imetulia, jua linakupiga usoni na maji yote yanameta kama bati jipya, hata pumzi ya nyangumi inayoruka juu kama wingu dogo la mvuke inakupita usiione. Alasiri jua limeshahamia nyuma yako, lakini upepo wa kusi umeamka na bahari imejaa mapovu meupe, kila moja likijifanya nyangumi. Kwa hiyo tunaandika hali ya upepo, mawimbi na mng'ao kila baada ya muda maalumu, hata kama hatukuona chochote. Msimu mmoja niliandika "hakuna" kwa siku nane mfululizo, na nikajifunza kuiandika kwa makini, kwa sababu "hakuna" ya bahari shwari na "hakuna" ya bahari iliyochafuka ni habari mbili tofauti kabisa.

Siku za boti ni chache, maana mafuta ni ghali. Tunapofika tunapunguza mwendo, tunakaa mbali, na tunasubiri nyangumi ainue mkia wake kabla ya kuzama, ili tupige picha ya upande wa chini. Weusi, weupe na makovu ya mkia huo havifanani kwa nyangumi wawili, hivyo picha moja nzuri inatosha kumtambua mnyama yule yule miaka mingi baadaye na mahali pengine. Kisha injini inazimwa na maikrofoni ya majini inashushwa. Dume ndiye anayeimba, na wimbo wake unaweza kuendelea kwa dakika nyingi kabla haujarudi mwanzo. Mara ya kwanza nilipousikia nilifikiri chombo kimeharibika.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi nililojifunza katika kazi hii sikulipata baharini. Msimu wangu wa kwanza nilitumwa kuwahoji wavuvi wa Kigombe na Mwarongo nikiwa na fomu yenye swali moja kuu: je, umewahi kuona nyangumi, na ilikuwa mwezi gani? Wengi walisema ndiyo, na baadhi yao wakataja Januari na Februari. Nilifurahi kupita kiasi, nikaamini nimegundua nyangumi wasiohama. Nahodha mmoja mzee, aliyekuwa akishona tanga lake chini ya mkungu, alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, hao wanaokwambia Januari, uliwauliza kama alipumua?"

Sikuwa nimeuliza. Nilipowarudia, wengi wa wale wa Januari walikuwa wakimzungumzia papa potwe, samaki mkubwa mwenye madoa meupe mgongoni, anayepitiwa na maji kwenye matamvua na hana haja ya kuja juu kuvuta hewa. Mkia wake umesimama wima na huupeleka kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi umelala, hupiga juu na chini. Ukiwa ndani ya ngalawa, jua limezama na kinachokupita ubavuni ni kikubwa kuliko chombo chako, hutazami mkia. Lakini pumzi utaisikia. Tangu siku hiyo swali la nahodha ndilo la kwanza katika fomu yetu, ingawa ripoti haikumtaja popote, jambo ambalo bado linaniudhi.

Mzee huyo huyo alinieleza kwamba katika ujana wake nyangumi walikuwa wachache sana kuliko sasa. Maneno yake yanaafikiana na historia. Nyangumi wenye nundu wa kusini mwa dunia waliwindwa na meli za viwanda hadi karibu kumalizika. Walipigwa marufuku kuwindwa mwaka 1963, ingawa meli za Kisovyeti ziliendelea kwa siri, na usitishaji wa jumla wa uwindaji wa kibiashara ulianza kutekelezwa mwaka 1986.

Shuleni naenda siku ambazo upepo umetukatalia bahari. Sibebi picha nyingi. Nabeba kamba ya mkonge yenye urefu wa mita 15, nawaomba watoto waishike wakiwa wamejipanga uwanjani, nawaambia kwamba huyo ndiye mama. Kwenye mita ya nne nimefunga kipande cha kanga, na hapo ndipo anapoishia mtoto siku anayozaliwa. Karibu kila darasa huuliza habari za Nabii Yunus, na kama aliyemmeza alikuwa samaki au nyangumi. Maana ya kisa nawaachia walimu wao wa madrasa. Mimi nawaeleza kuwa nyangumi huzaa, hunyonyesha na huvuta hewa kwa mapafu, kisha tunashindana ni nani anayeweza kuzuia pumzi kwa muda mrefu zaidi.

Kwa watu wazima kamba haitoshi. Katika mkutano mmoja nilieleza jinsi nyangumi anavyonaswa kwenye jarife na kuzama nalo, na mvuvi mmoja akasimama akauliza ni nani atakayemlipa jarife lake. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kutosha kuhusu nyangumi, na hakuna hata neno moja kuhusu bei ya nyavu. Sasa naanza na nyavu: mahali zinapotegwa, saa zinapotegwa, na jinsi ya kumfungua mnyama bila mtu kuumia.

Mwaka jana, kabla ya kurudisha vifaa ofisini, nilimwachia nahodha daftari na kalamu mbili. Katikati ya Desemba, nikiwa ndani ya daladala ya Pongwe, alinipigia simu. Kaskazi ilikuwa imeshaingia, na kwa hesabu zetu nyangumi wote walipaswa kuwa mbali kusini. "Kimepita nje ya mwamba leo asubuhi," alisema. "Kimepumua mara tatu." Sikuwa na boti, sikuwa na darubini, na mkataba wangu ulikuwa umekwisha wiki sita zilizopita. Nilimwomba aandike na upande kilikoelekea. Akanijibu kwamba ameshaandika.