Mpapai, Betri na Jua la Chanika

Nilihamia Chanika mwaka 2019, nyumba haijapigwa plasta, nguzo ya umeme ya karibu iko kule barabarani, zaidi ya nusu kilomita. Nikapiga hesabu ya kuvuta nguzo, nikanyamaza. Nikashuka Kariakoo kununua paneli ya sola ya wati 100, na fundi akaniuzia betri ya gari, N70, iliyokwishatumika. "Hii bosi inakaa miaka."

Ilikaa miezi mitano. Mwishoni taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa haifiki kwenye michezo, tivi imezima.

Aliyenitoa gizani ni mzee jirani, zamani fundi redio. Shikamoo, marahaba, akapanda juu ya bati na umri wake ule. "Mwanangu, betri ya gari kazi yake kupiga stata. Wewe kila usiku unaikausha." Akachomeka mita yake kupima umeme unaotoka kwenye paneli: ampea 5. Upepo ukavuma, kivuli cha jani la mpapai wa mke wangu kikaangukia pembe ya paneli, namba ikaporomoka hadi 1 na ushee. Jani moja! Seli za paneli zimeungwa kama mnyororo; ukiziba moja umezibana na nyingine. Halafu fundi wa Kariakoo alikuwa ameielekeza paneli kusini, wakati huku kwetu Dar sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini.

Tukakaa mkekani na kalamu. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5, wati-saa 100. Tivi ya wati 30 kwa saa 4, 120. Feni ndogo ya wati 15 kwa saa 8, 120. Simu, weka 40. Jumla wati-saa 380. Betri ya jeli, ile ya kazi ya sola, ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 12 mara 100, yaani wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Nikainunua, roho ikiniuma, na paneli ya pili juu yake. Zote zikageuzwa kaskazini, zimeinama kidogo ili mvua izioshe vumbi.

Nguzo zilipofika mtaani, pasi na friji niliziunga kwenye umeme wa luku. Taa, tivi na feni bado zinakula jua. Umeme ukikatika, watoto wa jirani wanajaa sebuleni kwangu.

Mpapai niliukata. Mama watoto mpaka leo anaukumbushia.