Jay na Jeff hawakusemezana

Nikitaja Uncle Tupelo mbele ya wapenzi wa kantri hapa Nairobi, swali la kwanza huwa ni huyo mjomba aliimba wimbo gani. Siwalaumu. Kantri iliyotulea ni ya Jim Reeves, Don Williams, Charley Pride na Dolly Parton, nyimbo za redio za Jumapili zilizosikika huku nguo za kanisani zikipigwa pasi. Vijana watatu wa Illinois waliochanganya banjo na fujo za panki hawakufika huku. Hata kwao bendi hiyo ilidumu kama miaka saba tu. Ila wiki hii nimerudi kwao, albamu zote nne, na kuna jambo linanikereketa ambalo lazima niliandike: mbona watu wawili wanaoimba pamoja vizuri hivi walishindwa kabisa kuongea?

Walitoka Belleville, mji ulio upande wa Illinois wa mto Mississippi, ng'ambo ya St. Louis, wenye historia ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya bia. Jay Farrar na Jeff Tweedy walijuana wakiwa shule ya sekondari. Mike Heidorn alipiga ngoma. Mwanzoni walijiita The Primitives na kupiga roki ya miaka ya sitini, kisha mwaka 1987 wakawa Uncle Tupelo. Farrar alikuwa na sauti nzito ya mtu wa makamo tangu akiwa kijana, sauti inayokufanya uamini kwamba mwimbaji ametoka zamu ya usiku kiwandani sasa hivi. Tweedy alipiga besi na sauti yake ilikwaruza, ikikatikakatika kidogo mwishoni mwa mistari. Ukiwasikia mara ya kwanza unajua nani ndiye mwimbaji na nani anajifunza. Nadhani na wao walijua.

Albamu ya kwanza, No Depression, ilirekodiwa Boston kwa takriban dola 3,500 na kutoka mwaka 1990. Jina lake walilitoa kwenye wimbo wa kiroho ambao Carter Family, kundi la kantri ya mwanzo, waliurekodi mwaka 1936, Marekani ikiwa bado kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1995 likaanzishwa jarida la muziki kwa jina hilohilo, na mtindo mzima ukapata kitambulisho: kantri mbadala. Wapo wanaosema Uncle Tupelo ndio walioanzisha. Hapo sikubali. Mwanamuziki Gram Parsons alishapita njia hiyo zamani, na miaka ya themanini zilikuwapo bendi kama Jason and the Scorchers. Walicholeta vijana wa Belleville ni kwamba hawakuvaa kofia za wachunga ng'ombe wala kuigiza utani wa mashambani. Waliimba kuhusu mji wao kama ulivyo: pombe, kazi ya zamu, na kijana anayeona maisha yake yote yamepangwa kati ya lango la kiwanda na kaunta ya baa.

Hao Carter Family nao wana ujirani na sisi ambao haujulikani sana. Mwaka 1927 prodyuza Ralph Peer alikwenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, kurekodi wanamuziki wa milimani. Carter Family na mwimbaji Jimmie Rodgers walirekodiwa kwa mara ya kwanza katika safari hiyohiyo. Santuri za Rodgers zikasafiri hadi Bonde la Ufa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wakiimba kuhusu Chemirocha, yaani huyohuyo Jimmie Rodgers, kwa mapigo ya kinubi chao. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kantri ni mambo ya wazungu, mimi humpa wimbo huo kwanza, halafu tunaendelea na mazungumzo.

Narudi Belleville. Albamu ninayoipenda kuliko zote ni ya tatu, iliyopewa jina la siku ilizorekodiwa: March 16–20, 1992. Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi ya R.E.M., aliwaalika Athens, Georgia, akawa prodyuza wao. Kumbuka wakati huo: bendi ya roki ya Nirvana ilikuwa imetoka kugeuza soko juu chini na kila kampuni ya muziki ilikuwa ikitafuta kelele. Hawa wakachomoa nyaya. Brian Henneman, aliyekuwa akiwatunzia magitaa ziarani, alikaa nao na mandolini na banjo. Karibu nusu ya nyimbo ni za zamani, zikiwamo za wachimba makaa na za injili za kutisha.

Kuna "Moonshiner", wimbo wa kale wa mpika pombe haramu. Farrar anauimba polepole kupita kiasi, gitaa na kinanda cha mdomo tu, na hajitahidi kukuhuzunisha. Anashikilia silabi hadi inakaribia kukatika, anaiacha, anavuta pumzi unayoisikia, anaendelea. Hajatimiza hata miaka 26 hapo. Kisha kuna "Black Eye" ya Tweedy, wimbo mfupi unaotangulia huo kwenye albamu, na ghafla sauti iliyoonekana dhaifu inakuwa ya mtu anayekuambia siri jikoni. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hawakuwa mwimbaji mkuu na msaidizi. Walikuwa waandishi wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Baada ya hapo Heidorn akaondoka, wakaingia wapya, kampuni kubwa ya Sire ikawasaini, na mwaka 1993 wakarekodi Anodyne huko Austin, Texas, wakipiga wote pamoja studio kama jukwaani bila kuongeza vipande baadaye. Ni albamu ya bendi iliyoiva. Januari 1994 Farrar akampigia simu meneja, Tony Margherita, akamwambia anaacha. Tweedy, rafiki wa tangu shule, alizipata habari hizo kwa meneja. Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma kisa hiki. Miaka yote hiyo kwenye gari moja, halafu hata "ndugu yangu, nimechoka" haikutamkwa. Farrar alikubali kumaliza ziara kwa sababu meneja alikuwa na deni la bendi, lakini alikataa kuitikia nyimbo za Tweedy. Shoo ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Mei 1994, Mississippi Nights, St. Louis.

Sisi wa huku tunayajua mameguko haya. Simba Wanyika walipogawanyika mwaka 1978 na Les Wanyika wakazaliwa, wasikilizaji walilalamika kidogo, kisha wakafurahia bendi mbili. Ndivyo ilivyokuwa. Tweedy alibaki na wanamuziki waliokuwapo wakaitwa Wilco. Farrar akamrudisha Heidorn, akawachukua ndugu wawili wa ukoo wa Boquist, wakawa Son Volt. Mwaka 1995 kila upande ulitoa albamu, na raundi ya kwanza Farrar alishinda kwa mbali. Trace, albamu ya Son Volt, inafunguliwa na "Windfall", fidla na gitaa vikimsindikiza dereva wa usiku anayenasa stesheni ya mbali ya Louisiana. Mtu akinibana nitaje wimbo mmoja wa kantri mbadala, nitataja huo. A.M. ya Wilco ni nzuri tu, basi.

Kisha mambo yakageuka, na nimechelewa sana kulikubali. Farrar aliendelea kuchimba mgodi uleule, kwa uaminifu mkubwa. Tweedy, ambaye hakuwa na sauti ile ya kutegemea, alilazimika kutafuta. Mwaka 2001 Wilco walipeleka Yankee Hotel Foxtrot kwa kampuni yao, Reprise, ikaikataa. Wakaondoka na kanda zao, wakaiweka albamu nzima kwenye tovuti yao watu waisikilize bure, na mwaka 2002 ikatolewa na Nonesuch, lebo iliyokuwa chini ya mmiliki yuleyule wa Reprise. Tajiri mmoja alilipia kazi moja mara mbili. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Jina la albamu hiyo limetoka kwenye sauti ya mwanamke iliyonaswa redioni, mawimbi mafupi, akirudia maneno hayo matatu bila kuchoka, ujumbe wa kijasusi kwa mtu asiyejulikana. Wilco wakaipachika mwishoni mwa wimbo, chini ya gitaa linalozama. Yeyote aliyewahi kuzungusha kitufe usiku akitafuta idhaa ya Kiswahili kutoka ng'ambo anaijua sauti hiyo: mkwaruzo, mluzi, mtu anaongea lugha usiyoijua, mkwaruzo tena. Kwangu ndiyo albamu kuhusu watu wanaorusha ujumbe usiofika. Nani alikuwa akilini mwa Tweedy, sitadai kujua. Huenda ni mkewe, huenda ni Marekani nzima.

Mwaka 2022 Wilco walitoa Cruel Country na kuiita kantri waziwazi, baada ya miaka mingi ya kulikwepa jina hilo. Son Volt nao bado wapo. Mashabiki hawaachi kuulizia kurudiana, na mimi sijiungi nao. Anayetaka pa kuanzia aanze na "Moonshiner", halafu "Black Eye", kwa mpangilio huo, na spika nzuri, maana simu inaimeza pumzi ya Farrar yote.