Wikiendi ya mwisho Tanga

Ijumaa asubuhi nimepanda basi pale stendi ya Magufuli Mbezi na kibegi kimoja tu, maana mabegi makubwa nshayafunga yako Dar yanasubiri ndege ya Jumatano. Naenda Hamburg kusomea uuguzi, miaka 3, na nilichotaka kabla sijaondoka ni wikiendi moja Ngamiani, jikoni kwa mama. Njia naijua kwa kukariri, Chalinze, Wami na lile daraja jipya ambalo siku hizi unavuka bila kushika roho, Segera tunakata kulia, Muheza machungwa yanaingilia madirishani, nikanunua mfuko mzima nikashuka nao stendi ya Kange kwenye saa tisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, usiku tunaloweka mchele."

Habari za njiani kaziuliza baadae kabisa.

Sasa mkate wa kumimina mimi nimeula maisha yangu yote ila kuupika mwenyewe sijawahi, nilikuwa naukuta mezani tu. Jumamosi alfajiri nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, mama anakamua, tui zito tu lile la kwanza, anasema ukichanganya na la pili mkate unalala. Mchele tukausaga na tui mpaka ukifikicha vidoleni husikii chenga, ndo ikaja sukari, iliki na hamira. Nilikuwa na daftari kabisa. Mama sukari vikombe vingapi? Onja. Tui je? "Mpaka uteleze kwenye mwiko, usikimbie." Nikaandika hivyo hivyo.

Wa kwanza niliuharibu. Nilibakiza moto mwingi chini, tukafunua juu mbichi, chini mweusi tii, katikati umeshikana kama bada, ugali wetu wa muhogo, iliyolala, machozi yakanilenga kwa kweli kwa sababu nilikuwa nahesabu siku na nazi zilizobaki. Mama hakusema kitu, akaukwangua akawamwagia kuku, akanisogezea sufuria nyingine. Moto wa chini uwe mdogo, unachungulia mpaka uone vipovu vinapasuka pembeni, hapo unafunika na makaa yote unayapandisha juu ya mfuniko. Wa pili ulitoka. Mama akaukata akauinua kwenye mwanga wa dirisha, matundu yamejipanga kutoka chini mpaka juu, akasema haya huu ni mkate.

Mchana nikauzungusha kwenye sahani kuaga watu. Bibi aliyenisomesha chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo alinishika mikono akanisomea fatiha, nikamuomba radhi akasema nshakusamehe tangu siku ile ulipotoroka, kumbe anakumbuka. Shoga angu wa Chumbageni kajifungua juzijuzi, nikamkuta anakula bada kwa mchuzi wa papa, tukala sahani moja mtoto kalala katikati yetu, hatukuongea sana, kila mmoja anajua mtoto huyu nikirudi atakuwa anakimbia. Jioni tulienda Raskazone kundi zima, pweza, mihogo ya kuchoma, maji yamejaa na kisiwa cha Toten kinaonekana pale mbele, tumekaa mpaka mbu wametufukuza. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, mimi natamani ningepewa hata wiki.

Jumapili nikaupika wa tatu peke yangu. Mama kakaa barazani makusudi anachambua mchicha, hakuingia jikoni hata mara moja, ila nilikuwa namsikia kila nikigusa mfuniko anakohoa. Ukapoa, hatukuukata, tukaufunga mzima kwenye khanga niondoke nao.

Simu imelia tunaingia Segera.

"Umeukata?"

Nikafungua khanga mapajani, nikaomba kisu kwa dada wa siti ya pembeni aliyekuwa anamenya chungwa, nikakata kipande nikakiinua dirishani.

"Yapo mama. Mpaka juu."

"Mpe na mwenzio wa pembeni," akasema, akakata simu.